Mkono Ambao Baba Alimpa Dada Yangu

Dada yangu alikuja kuishi kwetu wiki ileile tulipoanza masomo ya uuguzi. Ni dada yangu kwa baba. Mama yake ni Mnubi wa Bombo, Mwislamu, wa kizazi cha wale askari walioletwa kutoka Sudan zamani za ukoloni. Mama yangu ni Mwacholi na Mkatoliki. Baba aliwaoa wote wawili akiwa jeshini, na kwa miaka mingi mimi na huyo binti wa Bombo tulikutana kwenye misiba na sikukuu tu, tukipeana mikono kama wageni. Lakini tulizaliwa mwaka mmoja, tukamaliza sekondari mwaka mmoja, na tukapata nafasi katika chuo kimoja cha afya hapa Kampala. Wakati huo baba alikuwa amestaafu na anafanya kazi ya ulinzi kwenye jengo la maofisi kule Nakasero, nasi tulikuwa tumepanga nyumba ndogo kwenye mteremko wa Mbuya. Alisema hawezi kuwa na nyumba Kampala halafu mtoto wake akalale hosteli.  Mama aliingia chumbani kwangu, akakisukuma kitanda changu hadi ukutani ili cha pili kipate nafasi.

Dada alifika na begi moja na kawa kubwa la rangi nyekundu, njano na kijani, alilosuka mama yake kwa ajili yetu. Alipiga magoti, akamsalimu mama yangu kwa heshima na kumwita Mama Mkubwa. Mama alilipokea kawa kwa mikono miwili, akashukuru, akaliweka juu ya kabati ambako hakuna mtu angelifikia bila kupanda kiti. Jioni ya pili baba akauliza kwa nini chakula kinafunikwa kwa kitambaa wakati kawa lipo. Likashushwa.

Mimi na dada hatukuwa na lugha nyingine ya kuelewana ila Kiswahili cha baba. Yeye hakujua Kiacholi, mimi sikujua Kinubi. Baba, ambaye jeshi lilimchukua akiwa kijana, alikuwa anazungumza Kiswahili na kila mtu, kile Kiswahili cha kambini kisichojali sana mpangilio wa maneno, na nadhani hata ndoto zake zilikuwa za Kiswahili. Dada alikuwa amekulia pembeni ya kambi ya Bombo. Alizijua amri zote, matusi yote ya masajini, na vichekesho vyao. Wakati wa kula alimwiga ofisa fulani wa zamani anayekagua gwaride huku suruali inamdondoka, na baba akacheka mdomo wazi mpaka pengo lake la upande likaonekana. Nilikuwa nimeishi na baba huyo maisha yangu yote. Sikujua kuwa ana pengo pale.

Baba niliyemjua mimi alikuwa buti mbili mlangoni. Buti zikiwepo, tunanyamaza. Zisipokuwepo, yuko kazini, au tunaambiwa yuko Bombo. Hata alipostaafu, maneno kati yetu yalikuwa machache: amekula, hajala, mlango umefungwa, mlango haujafungwa. Nilikuwa nimejiambia kwamba ndivyo alivyo, kwamba kuna wanaume jeshi linawala ulimi. Sasa nilimwona akimsimulia mtu mwingine siku nzima ya kazi yake, nani aliingia na gari gani, nani alikataa kufungua begi, na mtu mwingine huyo hakuwa mimi. Nilikaa pale na sahani yangu.

Chuoni ilikuwa vilevile. Tuliambiwa kila mwanafunzi aje na koti jeupe la maabara. Mimi nilikwenda Owino na mama, tukafukua kwenye marundo ya mitumba hadi tukapata moja lililokuja kutoka nchi za watu, lenye maneno ya uzi wa buluu kifuani katika lugha ambayo hakuna aliyeweza kunisomea. Mabega yalikuwa ya mwanamume. Koti la dada lilikuwa limeshonwa Bombo kwa vipimo vyake, limembana kiunoni kidogo tu, na mikono yake mirefu kwa kuwa yeye hufunika mikono. Aliposimama mlangoni mwa maabara akiwa na hijabu nyeupe na koti lile, alionekana kama mtu aliyekwisha kuhitimu na amerudi kututembelea.

Mwalimu wetu wa maabara alikuwa muuguzi wa siku nyingi ambaye sote tulimwita Sista. Alikuwa mnene, mpole wa sauti, na hakupenda mtu aguse kitu kabla hajaambiwa. Alipoita majina siku ya kwanza alisikia jina la baba likijirudia, akainua macho na kuuliza kama sisi ni mapacha. Darasa likacheka, maana hatufanani hata kidogo. Dada akajibu, "Baba mmoja, Sista," na akaongeza tabasamu. Sista akasema ndugu wakae meza moja, itakuwa rahisi kufanya mazoezi hadi nyumbani. Hivyo ndivyo nilivyofungwa naye kwa mwaka mzima.

Zoezi la kwanza lilikuwa mifupa. Kila meza ilipewa mfuko wa kitambaa wenye mifupa ya kweli, ya zamani, iliyokwisha kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tulitakiwa kuingiza mkono bila kutazama, tushike mfupa mmoja, tuutaje, kisha tuseme ni wa kulia au wa kushoto. Kutaja nilikuwa nataja. Kulia na kushoto kulinishinda. Dada alifumba macho, akaupitisha mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua, kati ya vidole vyake taratibu kama mtu anayepapasa ushanga, akaupeleka kwenye shingo yake mwenyewe, akaugeuza mara moja na kusema, "Kushoto." Alikuwa sahihi. Akashika wa pili, akawa sahihi tena. Sista alimtaka aje mbele awaonyeshe wengine anavyofanya. Na wiki iliyofuata, tulipojifunza mishipa ya damu inayoonekana juu ya ngozi, Sista alizunguka darasa zima akitafuta mkono wa kufundishia, akapita wangu, akasimama kwenye wa dada. "Mkono mzuri huu," alisema. Watu wakajipanga mstari kuugusa mkono wa dada yangu. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilikiweka kidole changu juu ya mshipa wake na kuuhisi ukibonyea na kuinuka tena, nikajisikia mpumbavu kumwonea mtu kijicho kwa sababu ya mishipa, na nikaendelea kumwonea.

Nisije nikaonekana kama mtu asiye na lake. Nilikuwa najua kuchora. Tulipopewa hadubini na vipande vya ngozi, vya ini, vya figo, wenzangu walichora miduara yenye vitone. Mimi nilikuwa naona. Kila chembe ilikuwa na ukuta wake na kivuli chake, na penseli yangu ilikwenda bila kuombwa. Sista alitia alama nzuri kwenye michoro yangu lakini hakunitaka nije mbele. Mchoro ni kitu cha kukusanywa mwisho wa kipindi na kuwekwa kabatini. Mkono mzuri watu wanaupangia mstari.

Siku ya moyo, kila meza iliagizwa ilete moyo wa ng'ombe. Dada na mimi tulishuka soko la Nakasero asubuhi, na mchinjaji alipotaka kuukata vipande kama anavyowakatia wapishi, dada alimzuia mkono. Alimwambia kwa Luganda aliyokwisha kuokota mitaani kwamba tunautaka mzima, na mishipa yake ya juu isikatwe karibu. Darasani ni yeye aliyeshika kisu. Aliupasua kwa mkato mmoja mrefu, ukafunguka kama kitabu, na zile vali, vilango vya damu, zikaonekana, nyeupe na nyembamba, zimening'inia kwenye nyuzi zake. Alizitazama. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hizi nyuzi ndizo zinazoshika kila kitu." Nilizichora. Ulikuwa mchoro bora kuliko yote niliyowahi kuchora, na chini yake, kama kanuni ilivyotaka, niliandika: umepasuliwa na, halafu jina lake.

Baadaye ukaja mwezi wa presha.

Sista alitufundisha kufunga kile kitambaa juu ya kiwiko, kuweka stethoskopu kwenye kunjo la mkono, kujaza upepo, kisha kuufungulia pole pole huku ukiangalia mshale unavyoshuka kwenye saa ya kipimo. Alisema kuna kimya, halafu mdundo wa kwanza unaingia, unaendelea, halafu unapotea. Unaandika namba ya kuingia na namba ya kupotea. Wenzangu wakaanza kuitikia kwa vichwa mmoja mmoja, nyuso zao zikifunguka. Wanasikia. Mimi niliziba masikio kwa mpira ule nikasubiri. Nilisikia uvumi kama wa ganda la konokono, basi. Lakini niliona kitu. Mshale ulikuwa unashuka laini, kisha ukaanza kuruka kidogo kidogo, kama mtu mwenye kwikwi, kisha ukatulia. Nikaandika namba ambazo mshale ulirukia. Nilidhani ndiyo kusikia wanakokusema. Nilidhani wengine nao wanasema wamesikia kama vile watu wanavyosema wameuona mwezi wa Ramadhani baada ya mmoja wao kunyosha kidole. Dada alipopima mkono uleule akapata namba za chini kuliko zangu, na Sista akasema za dada ndizo.

Zoezi la nyumbani lilikuwa kumpima mtu mzima mmoja wa familia. Nilimwahi baba. Nilimngoja Jumapili amemaliza kuoga, amekaa sebuleni na fulana yake, na kabla dada hajatoka kwenye swala nikamwomba mkono. Alinipa, akashangaa kidogo. Nadhani sikuwa nimewahi kuushika mkono huo tangu nilipokuwa mtoto wa kuvushwa barabara. Ulikuwa mzito, na wenye kovu karibu na kiwiko ambalo sikujua limetoka wapi, na sikuuliza.

Nikafunga, nikajaza, nikafungulia. Sikusikia kitu. Mshale uliruka, lakini juu mno, mahali ambapo haukupaswa kuwa bado unaruka, nikadhani nimekosea. Nikajaza tena. Vidole vyake vikaanza kubadilika rangi. Nikajaza tena. Baba akasema ninamfunga kama mateka, na akaanza kukibandua kile kitambaa kwa mkono wa pili. Ndipo dada akatoka chumbani, bado na kanga ya kuswalia kichwani. Hakuuliza kitu. Baba mwenyewe ndiye aliyemnyoshea mkono, uleule, akasema, "Hebu wewe."

Nimefikiria mara nyingi juu ya ule mkono ulivyonyoshwa. Haukuwa umeombwa.

Dada alikaa chini sakafuni, akasubiri kwanza damu irudi kwenye vidole vya baba, akavikanda. Kisha akapima.  Akamwambia baba apumzike kidogo, akamuuliza habari za mlinzi mwenzake mwenye mbwa mwoga, baba akasimulia, kisha akapima tena. Alipotoa stethoskopu masikioni alimtazama usoni kwanza.

"Baba, damu yako inasukuma kwa nguvu sana. Si mchezo. Kesho kabla ya kazi twende kliniki, mimi na wewe."

"Mimi niko mzima."

"Ndiyo. Twende ukiwa mzima hivyohivyo."

Na baba akasema sawa.

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, na kisu na nusu ya kitunguu mkononi. Tangu nipate akili nilikuwa namsikia mama akimsihi baba aende hospitali kwa sababu ya maumivu ya kichwa, na baba akimjibu kwamba kichwa cha askari huuma kwa sababu ya kofia ya chuma. Kofia yenyewe alikuwa ameirudisha jeshini zamani. Mama alirudi jikoni, nami nikamfuata. Aliendelea kukata. Kisha akaniambia kwa Kiacholi, bila kunitazama, kwamba amemwambia mume wake habari za kichwa chake tangu sijazaliwa, na kumbe kilichokosekana ni mpira wa kutia masikioni. Sikujua kama nicheke. Machozi yake yangeweza kuwa ya kitunguu. Siku hiyo nilielewa kwamba humu ndani mwivu si mimi peke yangu, na badala ya kunifariji jambo hilo lilinichosha.

Kliniki walimkuta na presha iliyokuwa imemla kimyakimya kwa muda mrefu. Walimpa vidonge na kumwonya kuhusu chumvi. Dada ndiye aliyepanga vidonge kwenye kikopo, yeye ndiye aliyempikia maharage yasiyo na chumvi kwa ndimu na vitunguu saumu, na baba aliyala bila kununa. Kila Jumapili mkono ulinyoshwa. Mimi nilikuwa natoka nje kufua.

Zoezi lililobadilisha mambo lilikuwa la milango ya fahamu. Tulikuwa tumekwisha kupima magoti kwa nyundo ya mpira, na doa la jicho lisiloona. Siku hiyo Sista alikuja na uma wa chuma wenye meno mawili, ambao ukigongwa unalia kwa muda mrefu. Alieleza kwamba ukiuweka katikati ya paji la uso, mtu mzima wa masikio husikia sauti katikati ya kichwa. Aliomba mtu wa kujaribu. Mikono ikainuka. Na dada, aliyekaa kando yangu, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Sista, tafadhali mpime dada yangu."

Nilimgeukia. Hakunitazama. Sista aliniita mbele, akagonga uma kwenye kiganja chake, akauweka kwenye paji langu la uso.

"Unasikia wapi?"

"Kushoto," nilisema. Niliona ndilo jibu la wazi kabisa. Lilikuwa linalia upande wa kushoto kama kengele ya shule.

 Sista aliuweka tena uma, mara hii kwenye mfupa nyuma ya sikio langu la kushoto, akaniambia niinue mkono nisiposikia tena. Nikainua. Akausogeza mbele ya tundu la sikio. "Na sasa?" Hakuna. Akaugonga upya, akaniziba sikio la kulia, akaushika palepale hewani mbele ya sikio, na darasa zima lilikuwa linausikia, nilijua kwa nyuso zao. Mimi nilikuwa naona meno mawili ya chuma yakitetemeka. Upande wa kulia nilisikia, lakini kwa muda mfupi kuliko ilivyopasa. Sista aliuweka uma mezani, akaniambia kwa upole uleule kwamba neva zangu ziko hai, sauti ikipita kwenye mfupa inafika, ila mlango wa kuingilia hewa una kasoro. Alisema atanipa barua ya kwenda kwa daktari wa masikio. Nilirudi kwenye kiti changu katikati ya macho yote yale, na koti langu la mabega ya mwanamume.

Tulishuka kwenye bodaboda chini ya kilima. Kutoka pale hadi nyumbani tunapanda kwa miguu, na hapo ndipo nilipomsimamisha.

"Ulitaka wanicheke."

"Hawakucheka."

"Ulijua."

"Tangu mwezi wa kwanza," alisema. "Ukilalia sikio la kulia, adhana haikuamshi, na simu yangu haikuamshi. Ukilalia la kushoto unalalamika nimekupigia kelele. Na mtu akikuita kutoka upande huu unapita tu."

"Kwa nini hukuniambia nyumbani, sisi wawili?"

"Ningekuambia mimi, ungekubali?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mwanamke mmoja alipita na ndoo ya maji kichwani, tukampisha.  Nikamwambia amekuja nyumbani kwetu akachukua meza, akachukua Sista, akamchukua baba, na mama yangu anafunika ugali kwa kawa la mama yake, na sasa amelichukua hata sikio langu na kulionyesha watu. Maneno yalitoka ovyo. Hakukasirika, na hilo lilinikera zaidi. Alikaa juu ya jiwe kando ya njia, akakusanya gauni lake.

"Unajua Bombo nikimuulizia Baba nilikuwa naambiwa nini?" alisema. "Mama alikuwa ananiambia, yuko kwake. Kwake ndiyo hapa. Kwenu. Nilikuwa najua rangi ya mlango wenu kabla sijauona. Nilikuwa nalala nawaza wewe uko naye, anakusikiliza unavyosoma."

"Mimi nilikuwa naambiwa yuko Bombo."



"Basi alikuwa wapi?" akauliza.

 Alikuwa kwenye vituo vya mipakani ambavyo majina yake hakuwahi kuyataja, kwenye malori, kwenye mahema, huko alikopata lile kovu. Yale matusi ya masajini dada hakufundishwa na baba. Alikuwa ameyasikia kupitia ua wa kambi akiwa mtoto, kutoka kwa askari waliokuwa baba za watu wengine, na vile vichekesho vyote alikuwa amevikusanya ili siku akimpata baba awe na kitu cha kumpa. Aliniambia hivyo, akiwa bado amekaa juu ya jiwe. Mimi sikuwa nimekusanya kitu. Nilikuwa nimengoja.

Daktari wa masikio alikuta kiwambo cha kushoto kimetoboka tangu utotoni na cha kulia kina makovu. Mama alikumbuka usaha uliokuwa ukitoka nikiwa mdogo, na mafuta ya moto kidogo aliyokuwa akitia ndani kwa shauri la majirani, na kwa siku kadhaa alikuwa ananitengea nyama kubwa kuliko ya mtu yeyote. Baba aliambiwa akiwa anafunga kamba za viatu. Alisikiliza, akamaliza kufunga, akaenda kazini. Kuanzia jioni hiyo alianza kuzungumza nami kwa sauti ya gwaride. Alinikaribisha chai kwa sauti ambayo majirani walikuwa wanaitikia.

Ni dada aliyeniletea lingine. Aliniambia kwamba wakati anampima Jumapili iliyofuata, baba alisema kwa miaka mingi alikuwa ananisalimu asubuhi akipita nyuma yangu uani, nami nikikaa kimya, akaona huyu mtoto anamdharau, akaacha. "Nilidhani ana kiburi," ndivyo alivyosema. Alimwambia dada. Hakuniambia mimi. Nilifurahi kulijua neno hilo, na papo hapo niliumia kwamba limenifikia kupitia kinywa kile. Kwa nini lisije moja kwa moja, hata kwa sauti ya gwaride.

Mwisho wa mwaka Sista aliniita ofisini. Michoro yangu yote ilikuwa mezani kwake, imetandazwa. Alisema wodini nitateseka, kwamba zipo njia, vifaa vipo, wapo wauguzi wanaofanya kazi hivyo, na uamuzi ni wangu. Lakini yeye ameona macho machache kama yangu, na idara ya maabara ya hospitali ingenipokea kwa furaha. Nikahama. Nikajifunza damu, malaria, vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala kama vijiti vyekundu. Nikajikuta ninapenda kazi kuliko nilivyowahi kupenda kitu. Nikavaa kifaa kidogo cha kusikia upande wa kulia. Kila mara nilipomwona dada akitoka wodini na saa yake imening'inia kifuani, na wagonjwa wakimwita kwa jina, nilirudi kwenye hadubini yangu na kukaza skrubu zaidi ya inavyotakiwa.

Alipohitimu alipangiwa hospitali ya kaskazini, si mbali na kwa kina mama yangu. Nilisema moyoni, huko nako atakiona cha moto. Baada ya miezi michache bibi yangu, mama yake mama, alipiga simu. Kwa sauti ya furaha alimweleza mama kwamba mjukuu wake yule wa hijabu anamtembelea, anampima presha, na anazungumza Kiacholi kizuri, kwa lafudhi ya kuchekesha lakini kizuri, hata methali anaokota. Bibi aliuliza kwa nini mimi siji kamwe. Mama aliniwekea simu kwenye sikio zuri ili nisikie vizuri.

Sasa nyumbani tumebaki watatu. Baba ameacha kazi ya ulinzi. Nilimnunulia mashine ya presha ya umeme, ile inayojijaza yenyewe na kuonyesha namba kwenye kioo, kwa hiyo sihitaji kusikia kitu. Jumapili namwomba mkono. Ananipa, mara nyingine baada ya kuombwa mara mbili, na ninamfungia taratibu, na vidole vyangu vinapita juu ya lile kovu. Siku moja nilimuuliza alilipata wapi. Alinieleza kwa sauti ya gwaride, kwa urefu, habari ya lori lililopinduka kwenye matope na rafiki aliyemvuta kwa mkono huo mpaka ngozi ikachanika, na mama akatoka jikoni kusikiliza kwa sababu naye hakuwa ameisikia. Jumapili hiyo nilikuwa mtu tajiri.

Mashine ikalia, ikaonyesha namba zake. Zilikuwa nzuri. Nilimgeuzia baba kioo azione. Alizitazama muda mrefu, akaisogeza mashine mbali kidogo, akaitazama tena.

"Hii inasikiaje bila masikio?" aliuliza.

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa kwa heshima, akaushusha mkono wa shati.

"Sawa," alisema. "Mpigie dada yako umsomee hizo namba. Muulize kama ni kweli."

Nikachukua simu, nikampigia.